Kamba Kwenye Paa la Mume Wangu

Sehemu ya Saba

Kitendawili. Semeni tega, hata kama mko peke yenu na gazeti.

Lilikula kifua cha mzee, halafu likapanda juu ya paa kula jua.

Nimengoja. Haya, nipeni mji. Mmenipa Rongo? Nimefika Rongo, nimenunua ndizi, nimerudi. Jibu ni vumbi.

Wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa mandazi, usijali, nitakushika mkono. Mimi ni Filister, mke wa Elijah, wa upande wa machimbo ya dhahabu ya Osiri, Migori. Nilizaliwa kisiwani Rusinga, kule Homa Bay, ndiyo maana mume wangu hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita nyar Rusinga, binti wa Rusinga. Elijah alisaga mawe ya dhahabu tangu ujana, na vumbi la mawe likamkaa kifuani. Sasa anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine inakula umeme wa sola zilizo juu ya nyumba yetu. Transfoma ya sokoni iliungua. Waliokuja kuiangalia waliiangalia, wakaenda.

Na vumbi lile lile huanguka kwenye sola kila siku kama unga wa posho. Ukifuta asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako.

Aliyekuwa akipanda kufuta ni mwanetu Jared. Jared alifia chini shimo lilipoporomoka. Hayo nilishawasimulia na leo sirudii, mkono unakataa. Tukamwomba kijana wa jirani, Ombati. Akapanda na viatu, akakanyaga kioo kimoja kikapasuka, akashuka akisema heri shimo kuliko paa la mtu mgonjwa. Hajarudi.

Kuna dada aliniandikia kuuliza kwa nini nisipande mwenyewe. Dada yangu, kwetu mke hapandi juu ya nyumba ya mumewe aliye hai. Akipanda, amemhesabu marehemu.

Ndipo akaja Linet, binti wa Jared, aliyesomea mitambo, na roboti zake. Ya kwanza ilikunywa maji yetu yote ya kunywa, ikatuachia tope juu ya vioo. Ya pili iliteleza, ikaanguka uwanjani, ikamuua kuku wangu akiwa kwenye mayai. Hapo ndipo niliwaacha wiki iliyopita, nimemshika kuku miguu, sijui nilie au nichemshe maji.

Nilichemsha maji. Tukamla. Tuendelee.

Asubuhi hiyo Linet alishuka kwenye pikipiki na mfuko mgongoni.

"Dani, hii haitumii maji," alisema kabla hata hajanisalimia. Dani ndiyo bibi, kwetu.

"Na kuku?"

"Hata kuku haitumii."

Nilicheka. Ilikuwa siku nyingi sijacheka.

Roboti yenyewe ilikuwa kama kobe aliyekanyagwa. Imelala bapa, chini ina mikanda ya raba kama ya tingatinga, mbele ina brashi ndefu inayozunguka.

"Kule Rusinga ulikoijaribu, ilifanya kazi?" nilimuuliza.

"Ilifanya, Dani. Kule kwenye sola za chumba cha barafu cha samaki. Lakini uchafu wa kule ni wadudu wa ziwa na mavi ya ndege. Unanata. Raba inashika. Hapa kwenu vumbi ni kama poda, raba inateleza kama mtu wa soksi kwenye simiti."

"Sasa umefanyaje?"

"Nimeipunguza uzito. Nimeweka brashi itangulie, ili raba ipite mahali pameshafutwa. Na ikiteleza, nimeifunga kamba. Haitafika chini."

Elijah alikuwa anatusikia. Kitanda chake kiko karibu na dirisha.

"Linet," aliita.

"Kwara," aliitika, yaani babu.

"Funga vizuri. Mimi ndiye nimelala chini ya hilo paa."

"Nimefunga, Kwara. Tulia."

"Kutulia ndiyo kazi yangu siku hizi," alisema, kisha kikohozi kikamchukua.

Niliingia ndani na uji. Betri ilikuwa imebaki na taa moja, nyekundu. Ikifika hapo mashine huanza kulia, inalia kidogo kidogo kama kifaranga aliyepotea. Nikamshika Elijah kichwa, nikamnywesha. Juu yetu tukasikia brashi ikianza. Shaa, shaa, shaa.

"Inafagia kama wewe ukiwa na hasira," Elijah alisema.

"Mimi sijawahi kufagia na hasira."

"Ulifagia siku ile nilipokuja na yule Mkuria mwenye mbuzi. Vumbi lote lilikuja kwetu."

"Machuki? Alikuwa amekaa kwenye kiti changu."

Mashine ikaacha kulia. Nikageuka, nikaona taa ya pili imewaka, ya kijani. Nakwambia msomaji, niliitazama taa ile kama msichana anayeangalia mlango siku ya posa. Elijah naye aliiona. Akafumba macho, akavuta hewa, kifua kikapanda taratibu.

"Mtoto wa Jared," alisema.

Hayo tu. Nikafikiri, basi, Mungu ametugeukia.

Halafu brashi ikabadilisha sauti. Kitu kikakwaruza kioo. Kamba ikapiga bati. Kikafuata kishindo, na kitu kikaviringika juu ya mabati kutoka kileleni mpaka ukingoni, kikaanguka nje, puu.

Elijah alifumbua macho.

"Ni nini hicho?"

"Paka," nilisema.

"Paka wa mbao?"

Nikaweka kikombe chini, nikatoka.

Linet alikuwa amesimama ameshika kamba. Kamba ilikuwa imelegea, imelala uwanjani kama nyoka aliyeuawa. Nikaifuata kwa macho mpaka mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa umejisokota kwenye osuri.

Osuri, na msiichanganye na jina la machimbo yetu, ni ile fimbo iliyochongoka inayosimama kileleni mwa nyumba ya mwenye boma. Siku hizi wengi hawana. Elijah alipojenga ya mabati watu walimwambia aache hayo mambo ya nyasi, akawakatalia, akachonga yake, akaiweka. Fimbo ikiwa imesimama, mpita njia anajua mwenye boma yuko. Mwenye boma akifa, ndipo huondolewa.

Ya Elijah ilikuwa miguuni pa mjukuu wake.

"Dani, ni hiyo nguzo tu imetoka," Linet alisema. "Nilirusha kamba na jiwe, ikashika pale, nikaivutia roboti juu. Hakukuwa na kitu kingine cha kufungia. Roboti imeteleza pale kwenye kioo kilichopasuka, ikaning'inia, nguzo ikavutika, na kamba ikachomoka kwenye roboti. Nitairudisha."

Aliona uso wangu.

"Dani? Nimefanya nini?"

Ningemlaumu kwa nini? Linet alikulia kwenye nyumba za kupanga mjini Homa Bay, mama yake akiuza samaki. Kule paa la mwenye nyumba lina matangi ya maji na nguo za wapangaji. Nani angemwambia habari za osuri? Jared angemwambia. Jared yuko wapi?

Niliketi pale pale vumbini. Nikamwambia. Nilimwambia polepole, na kadiri nilivyosema nikaona uso wake unazimika.

"Lakini hajafa," alisema.

"Hajafa."

"Yuko hapo ndani anakunywa uji."

"Anakunywa."

"Basi ni kipande cha mti, Dani."

"Ni kipande cha mti. Sasa niambie kwa nini umekiweka chini kwa mikono miwili hivyo."

Alikuwa amekilaza kwenye leso yake, kama mtoto.

Mashine ikaanza kulia tena ndani.

Tukatazama juu. Roboti ilikuwa imepinduka chali katikati ya vioo, miguu ya raba inatazama mbinguni, brashi inazunguka bure kama mende anayekufa. Chini yake na kuizunguka, vumbi lilikuwa bado nene. Ilikuwa imefuta kipande kidogo tu, kama mlango wa kibanda.

"Kwa nini taa imerudi nyekundu?" niliuliza. "Si ni kioo kimoja tu imelalia?"

"Vimefungwa pamoja, Dani. Ni kama maksai kwenye nira. Mmoja akilala, wengine wote wanasimama."

Alichukua mti mrefu tunaoangulia maparachichi, akajaribu kuisukuma. Mti ukaisukuma ndani zaidi. Akatupa mti. Akapiga simu Migori mjini kuomba gari la kumpeleka mzee hospitali, wakasema gari litafika jioni. Jioni ilikuwa mbali kuliko Mombasa.

"Napanda," Linet alisema.

"Hupandi."

"Dani, nimeitengeneza mimi."

"Wewe hujaolewa, hujazaa, na hili ni paa la babu yako. Yakikupata mabaya, nitamzika nani tena? Hupandi."

Akainamisha kichwa. "Niliitengeneza ili mtu asipande," alisema. "Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yake."

Hapo Gordon akaingia langoni. Gordon ni mdogo wake Elijah, mtu mpole, hata ng'ombe wake wanamjibu vibaya. Alikuja kumjulia hali kaka yake kama kila siku. Akaona leso. Akaona kilichokuwa juu ya leso. Akavua kofia.

"Saa ngapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Saa ngapi nini?"

"Ametuacha saa ngapi?"

"Hajaondoka, shemeji. Imeanguka yenyewe. Imevutwa na roboti."

Gordon alitazama paa. Akatazama mlango. Sauti ya Elijah ikatoka dirishani, nyembamba: "Gordon, ukinililia nitakutoza faini."

Gordon akavaa kofia. Kisha akaivua tena, hakujua ipi ndiyo heshima.

"Panda, shemeji," nilimwomba. "Wewe ni mwanaume. Panda utoe kile kitu, ufute vioo, mzee apumue. Mengine tutayaongea baadaye."

Gordon akarudi nyuma hatua moja.

"Nikipanda leo, watasema nini? Osuri ya kaka yangu imeanguka, na mimi mdogo wake ndiye nimeonekana juu ya paa lake. Watasema nilikwenda kuing'oa. Watasema nilikuwa nangoja boma."

"Nani atasema?"

"Wote, yawa. Hata mimi ningesema."

"Gordon, wewe ni mzee wa kanisa."

"Kanisani hatuamini haya mambo, ni kweli."

"Basi?"

"Hatuyaamini tukiwa kanisani."

Akaniambia atakwenda kuwaita wazee wa ukoo waje waseme la kufanya. Alikuwa karibu kulia, yule mtu. Akatoka mbio, mbio za mtu mwenye magoti mabovu. Wazee wenyewe, mmoja yuko Rongo kwa binti yake, mwingine haendi popote bila kunywa chai. Niliona Gordon anaenda kuleta maji na moto umeshafika jikoni.

Nikaingia ndani.

Elijah alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya jivu. Mashine inalia, inapuliza, inalia.

"Ni osuri yangu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Niliichonga mwenyewe, nyar Rusinga. Najua sauti yake."

Nikakaa kitandani. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama chupa.

"Gordon ameenda kuita wazee," nilisema.

"Wazee watakuja na maneno. Maneno ninayo, nimekosa pumzi." Akapumzika. "Kitendawili."

"Si saa yake, Elijah."

"Kitendawili, nimesema."

Tangu tuoane tumetegeana vitendawili. Wakati wa njaa, wakati wa mvua, hata siku tulipotoka kumzika Jared alinitegea kimoja njiani na nikamchukia. Sikuwahi kukataa kujibu.

"Tega," nilisema.

"Nikikaa chini, mume wangu yuko hai, naye anakufa. Nikipanda juu, mume wangu ameshakufa, naye anaishi."

Nilimvutia blanketi miguuni.

"Jibu," alisema.

"Sijui."

"Unajua. Nipe mji."

"Nakupa Homa Bay."

"Sitaki. Homa Bay ina mbu."

"Nakupa Migori."

"Migori wanadai gari litafika jioni." Alijaribu kucheka, ikatoka filimbi kifuani. "Nipe mji mzuri."

Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kwenye kola.

"Nakupa Rusinga," nilisema.

"Sasa umesema." Akafumba macho. Kila neno sasa alikuwa analivuta kama ndoo ya kisimani. "Nimefika Rusinga. Nimekuta msichana anaanika samaki. Nimemwambia baba yake, huyu atanizika mimi. Baba yake akakubali." Akafumbua macho. "Osuri imeanguka. Kwa boma hili mimi ni marehemu tangu asubuhi. Marehemu hamkatazi mke wake paa."

"Siwezi kukufanya marehemu ili upumue."

"Basi nifanye marehemu kwa kukaa. Moja kati ya hayo mawili utafanya, nyar Rusinga. Mimi ningependa la hewa."

Mashine ikanyamaza. Ilikuwa imeacha kulia na kupuliza vyote viwili.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka ngazi ilikuwa nyuma ya jiko, na Linet akiniona nayo alikimbia akaishika bila kuuliza. Nilivua viatu. Nilikunja nguo magotini, mwanamke mzima, mwenye wajukuu.

"Dani, ukifika juu ushike bati kwenye misumari. Hapo chini pana mbao, halitabonyea."

"Nenda kwa babu yako. Mpepee. Fungua madirisha."

"Na ngazi?"

"Ngazi itasimama. Nenda."

Nilipanda. Nilipoweka goti la kwanza kwenye bati nilisema jina lake kimoyomoyo, na nikaomba msamaha, sijui kwa nani. Bati lilikuwa la moto kama kikaango. Nikatambaa. Nikaifikia roboti ya mjukuu wangu, nikaishika mkanda, nikaisukuma kando kwa mguu. Ikateleza mpaka ukingoni ikaanguka. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikaanza kufuta.

Vumbi lilitoka kama ngozi. Chini yake kioo kilikuwa cheusi, chenye uso wangu ndani, kichwa wazi, mvi zote nje. Nilifuta uso huo nikahamia mwingine. Nilifuta huku nikiomba bila maneno. Jua lilikuwa limekaa juu, halikuwa na wingu hata moja.

Hapo ndipo Phelesia alipopita na mtungi.

Phelesia ni jirani yangu, mwanamke mwenye roho nzuri, hana baya na mtu. Alisimama nje ya ua. Akatazama kileleni mwa nyumba, hakuona fimbo. Akatazama chini kidogo, akaniona mimi, mke, nimepiga magoti juu ya paa la mume wangu, kichwa wazi, nalia.

Mtungi ulimtoka mkononi.

"Phelesia, hapana," niliita. "Phelesia, ngoja, sikiliza kwanza."

Hakusikia. Alishaweka mikono kichwani, na ule mlio ukamtoka, mrefu, wa kupanda, ule ambao kwetu hauna maana ya pili. Ukajibiwa kutoka boma la juu. Ukajibiwa kutoka kisimani. Mashine za kusaga mawe zikazimwa moja baada ya nyingine, na katika ule ukimya niliwaona watu wakitoka kwenye mashimo, wamejaa vumbi mwili mzima, wakianza kuja. Mbele yao alikuwa Gordon, amesikia akiwa njiani, anakimbia kurudi huku anamlilia kaka yake kwa majina ya utoto.

Nikafuta kioo cha mwisho. Nikalala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye bati linalochoma.

Nilisikia mashine. Imeamka. Inapuliza, inapumzika, inapuliza.

Nikangoja kusikia kikohozi. Nakijua kikohozi chake hata katikati ya kwaya. Watu walikuwa wamefika langoni, wanawake wanaimba, siwezi kutenganisha sauti.

"Linet," niliita kupitia bati. "Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, Dani." Sauti yake ilitoka karibu sana, kama aliyekuwa amesimama juu ya kitanda.

"Na yeye?"

Wanaume walikuwa wameanza kuingia uwanjani, wakivua kofia. Mmoja wao akaja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi yangu, akaishika, akaiondoa ukutani kwa heshima, kama inavyoondolewa ngazi osuri ya marehemu ikishashushwa, bila kuniona.

"Linet. Na yeye?"

"Dani," alisema, "usishuke kwanza."

Hapo nawaacha mpaka wiki ijayo.